Edith Stein na Simulizi za Nyumbani Kwao



Wapendwa vijana, mwezi uliopita baada ya kipindi cha vijana, kijana mmoja alinifuata pembeni. Ana mchumba, wanapendana, wote ni Wakatoliki na wote wana kazi. Shida ni kwamba binti anatoka kabila ambalo nyumbani kwa kijana halisemwi vizuri, na shangazi zake wameshatoa hukumu: "Watu wa kule tunawajua." Akaniuliza, "Frateri, hivi shangazi zangu wanawajua kweli, au wanajua maneno tu?"

Swali zuri sana. Nilipokuwa nasoma falsafa tulilihangaikia muhula mzima, ila kwa maneno magumu zaidi: mtu mmoja anawezaje kumjua mtu mwingine, wakati hawezi kuingia ndani ya moyo wake? Nikamwomba anipe muda, kwa sababu yupo mtakatifu aliyelishughulikia swali hili kuanzia darasani hadi kwenye kifo chake. Kwa hiyo somo la leo ni kwa ajili yake na kwa ajili yetu wote.

Mtakatifu mwenyewe ni Edith Stein, ambaye katika utawa aliitwa Teresa Benedikta wa Msalaba. Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 mjini Breslau, enzi hizo Ujerumani. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Wrocław. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi na yeye alikuwa kitinda mimba. Mama yake, Auguste, alizaa watoto 11, wakakua 7. Edith hajafikisha hata miaka 2, baba akafariki ghafla. Ndugu wakamshauri mama auze biashara ya mbao aliyoachiwa, maana ilikuwa na madeni, kisha apate nyumba kubwa na kupangisha vyumba. Mama akakataa. Akaishika biashara mwenyewe, akaikuza, akasomesha watoto. Wengi wetu tunamjua mama wa namna hiyo, hata kama kwetu haiitwi biashara ya mbao bali genge la nyanya au kuku wa mayai.

Edith alikuwa na akili kali. Alipokuwa binti aliacha kusali, na aliacha kwa makusudi kabisa, si kwa uvivu. Mwaka 1913 akaenda chuo kikuu cha Göttingen kusoma kwa Edmund Husserl, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne ile. Mwaka 1916 akapata udaktari wa falsafa. Na tasnifu yake ilihusu jambo ambalo Wajerumani huliita *Einfühlung*.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha somo.

Kiswahili hakina neno moja la jambo hili. Huruma ni kitu kingine. Naweza kumhurumia mtu bila kumwelewa hata kidogo. Edith anaanza na mfano ambao sote tunaujua: rafiki yako anakuja, anakwambia amefiwa na kaka yake. Wewe unauona uchungu wake. Sasa anauliza: huko "kuona" ni kuona gani? Kaka si wako, msiba si wako, machozi si yako. Lakini uchungu ule uko mbele yako kweli, hujaukisia kama mtu anayefumbua fumbo.

Anasema jambo hili lina hatua. Kwanza uchungu unakutokea tu: uso umebadilika, sauti imekwama. Halafu, ukikubali kukaa na huyo mtu, unavutwa. Huangalii tena uso wake. Unageuka na kuangalia kile anachokiangalia yeye. Unamwona kaka, safari waliyopanga, mama yao atakayepewa taarifa jioni. Mwishoni unarudi ulipokuwa, uchungu ukiwa tena mbele yako, ila sasa unajua ni uchungu wa nini.

Ile hatua ya kati ndiyo watu wengi tunairuka. Tunauona uso, tunatoa pole, tunaondoka. Au, mbaya zaidi, tunauona uso na papo hapo tunatoa maelezo: "Ndivyo walivyo watu wa kule."

Kuna jambo lingine analolisisitiza dhidi ya mwanafalsafa mwenzake, Theodor Lipps. Lipps alitoa mfano wa mtu anayemtazama mwanasarakasi akitembea juu ya kamba, akasema mtazamaji anakuwa kitu kimoja na mwanasarakasi. Edith akasema hapana. Uko pamoja naye, lakini hukuwa yeye. Siku hizi tunapenda kusema "vaa viatu vyangu". Nadhani Edith angetabasamu, kisha angesema viatu vya mwenzako havikuenei na wala havihitaji kukuenea. Mwache avae mwenyewe, wewe tembea naye akuonyeshe njia alikopita.

Na mtu anakuonyeshaje njia alikopita? Kwa kusimulia. Hakuna namna nyingine ninayoijua.

Edith hakulijua hilo kwa vitabu tu. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, alijitolea kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya kijeshi ya magonjwa ya kuambukiza huko Mährisch-Weißkirchen, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech na unaitwa Hranice. Wagonjwa walikuwa askari wa mataifa mengi yaliyokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, kila mmoja na lugha yake. Mgonjwa mmoja akafa mikononi mwa zamu yake. Edith alipokuwa anakusanya vitu vichache vya marehemu, kikaanguka kikaratasi kutoka kwenye kijidaftari. Ilikuwa sala. Mke wa yule askari alikuwa amempa, kuomba Mungu amlinde asife. Edith anaandika kwamba kikaratasi kile kilimchoma moyo, na kwamba ndipo alipotambua kibinadamu kifo kile kilikuwa na maana gani.

Tazameni: mtu alikuwa mbele yake akipigania pumzi. Alimhudumia. Ila mistari michache ya mke, asiyemjua, ndiyo iliyomgeuza aangalie kule alikokuwa anaangalia yule askari. Na wakati huo Edith mwenyewe hakuwa mtu wa kusali.

Miaka 6 baadaye, kiangazi cha 1921, akiwa nyumbani kwa marafiki huko Bergzabern, alichukua kitabu ambamo Mtakatifu Teresa wa Avila anasimulia maisha yake mwenyewe. Kitabu hicho ndicho kilichomaliza safari yake ndefu ya kutafuta. Tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa. Mimi niliyetumia miaka kadhaa kwenye falsafa huwa nalitafakari sana hili. Mwanamke aliyesoma hoja zote zilizokuwepo Ulaya wakati ule alivutwa hatua ya mwisho na mwanamke mwingine wa karne ya 16, wa nchi nyingine na lugha nyingine, aliyeeleza tu yaliyompata.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wengi hawaijui.

Januari 1933 Hitler akashika madaraka. Edith alikuwa mwalimu katika taasisi moja huko Münster, na mwaka huo huo akalazimika kuacha kufundisha kwa sababu ni Myahudi. Kila mahali Wayahudi walikuwa wanachorwa kama wanyama wenye tamaa, wanyonyaji, wasio na utu. Watoto shuleni walikuwa wanaanza kulishwa chuki hiyo wakiwa wadogo. Edith alikuwa ameshaamua kuingia utawa wa Wakarmeli mjini Köln, na akaingia Oktoba mwaka huo. Lakini kabla ya kuingia, akiwa nyumbani Breslau kuaga, alianza kuandika kitabu.

Ungetegemea mwanafalsafa aandike hoja. Au aliyebatizwa aandike kuhusu ubatizo wake. Yeye aliandika habari za mama yake. Habari za bibi na babu, biashara ya mbao, kaka na dada, sikukuu za nyumbani, magomvi, harusi. Anaeleza sababu mwanzoni mwa kitabu: kuna watu walioishi na Wayahudi kama wafanyakazi wao, majirani, wanafunzi wenzao, na hao wanajua kwamba picha inayochorwa ni ya uongo. Lakini vijana wanaokuzwa katika chuki ya rangi na damu wananyimwa nafasi ya kujua hivyo. Basi aliyekulia ndani ya familia ya Kiyahudi ana wajibu wa kutoa ushahidi. Anasema pia kwamba hataki kuandika utetezi wa dini ya Kiyahudi. Anataka kueleza alichokiishi.

Na alieleza kweli, bila kupaka rangi. Anasimulia Pasaka ya Kiyahudi nyumbani kwao, ambapo yeye kama mdogo wa wote ndiye aliyeuliza yale maswali ambayo mtoto huuliza usiku ule. Halafu anakiri kwamba ibada ilipungua uzito, maana kaka zake walioshika nafasi ya marehemu baba hawakuitilia maanani kama mama. Anaeleza ndoa zilizoyumba. Anaeleza hata ndugu wa ukoo waliojiua. Mtu anayetaka kuwasifia watu wake angeyaficha hayo yote.

Mimi naona hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Picha ya uongo ikisema "Wayahudi wote ni wabaya", hujibu kwa kusema "Wayahudi wote ni wazuri". Hiyo nayo ni picha, imegeuzwa tu. Unajibu kwa mama mmoja, mkaidi, mchapakazi, anayefunga Siku ya Upatanisho, anayelia mtoto wake akibatizwa. Ukishamjua huyo mama, mchoro wa gazetini hauna tena pa kukaa.

(Kwa sisi Wakatoliki kuna faida nyingine hapo. Ukisoma jinsi familia ile ilivyokaa mezani usiku wa Pasaka, unaanza kuelewa Karamu ya Mwisho ilifanyika katika nyumba ya namna gani. Bwana wetu alikua akisikia simulizi zile zile.)

Sasa turudi kwetu, kwa shangazi na "watu wa kule".

Mimi ni Msukuma. Toka nafika seminari nimesikia yote: washamba, ng'ombe, ushirikina. Sehemu kubwa ni utani, na utani naupenda. Ila naomba tuone tofauti. Utani wa makabila una kanuni yake: mtani wako akikutania, nawe una zamu. Anakuchekea leo, kesho kwenye msiba wenu ndiye anayekuja kuchekesha waliolia siku 3 na kushika kazi. Ni mazungumzo ya watu wawili. Kilichofanyika Ujerumani hakikuwa utani, maana aliyesemwa hakupewa zamu. Edith alijichukulia zamu yake kwa kalamu. Basi kipimo ni rahisi: hilo unalosema kuhusu kabila fulani, je, mwenyewe yupo na ana nafasi ya kujibu? Kwenye vikao vya shangazi kwa kawaida hayupo.

Nyumba yetu ya malezi ina utaratibu ambao hauko kwenye ratiba rasmi. Alhamisi baada ya chakula cha usiku, mmoja wetu anasimulia jambo moja la kwao. Si historia ya kabila. Jambo moja alilolishuhudia. Usiku mmoja ilikuwa zamu ya frateri wa Rombo. Mnajua Wachagga wanavyosemwa: hela, hela, na Desemba barabara ya Moshi imejaa. Yeye akasimulia kuhusu baba yake na baba yake mkubwa, ambao hawakuongea kwa miaka kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Krismasi moja baba mkubwa alifika uwanjani na jani la isale mkononi. Kwa Wachagga jani lile likiletwa, ni ombi la msamaha, na si jambo la kulikataa kirahisi. Akasema baba yake alilitazama jani muda mrefu bila kuongea, kisha akaenda kuleta kiti.

Hakuongeza neno. Ila wengi tuliokuwa pale tuliielewa ile barabara ya Moshi kwa namna nyingine. Watu wanarudi kwa sababu makaburi ya mababu yako mle mle kihambani, kati ya migomba, na kwa sababu kuna mambo yanayotakiwa kumalizwa uso kwa uso. Hela zipo, ndiyo. Lakini ukitazama hela tu, humwoni baba anayetafuta kiti.

Kwenye Injili, tazama Bwana anavyofanya njiani kuelekea Emau (Lk 24:13-35). Wafuasi wawili wanatembea na huzuni yao. Yesu anajiunga nao na kuwauliza wanazungumza nini. Wanashangaa hajui habari za Yerusalemu. Anawauliza tena: habari gani? Jamani, ni yeye aliyesulubiwa! Hakuna aliyejua zaidi yake. Lakini anawaacha wasimulie yote, mpaka matumaini yao yaliyovunjika, mpaka wale wanawake waliokwenda kaburini. Ndipo anapoanza kuwafafanulia Maandiko. Nafikiri makatekista, walezi na sisi mafrateri tungepaswa kuisoma sehemu hiyo kwa mpangilio wake: kwanza swali, kisha kusikiliza, mafundisho baadaye.

Niongeze tahadhari mbili, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshaanza kuniuliza moyoni.

Ya kwanza: kumwelewa mtu si lazima ukubaliane naye. Auguste Stein hakukubali ubatizo wa binti yake mpaka alipofariki, Septemba 1936. Na Edith hakuacha Ukristo ili kumfurahisha mama. Lakini alipokuwa nyumbani Breslau alimsindikiza sinagogi na kukaa naye kwenye sala. Siku yake ya mwisho nyumbani, ile ya kuzaliwa, Oktoba 1933, walikwenda sinagogi pamoja. Wote wawili walijua kesho yake anaondoka. Hakuna aliyemshinda mwenzake kwa hoja siku ile.

Ya pili: simulizi ya mtu mmoja haiwi simulizi ya kabila zima. Ukisikia habari ya isale usiende kutangaza kwamba Wachagga wote wanasameheana. Edith alisema alichokiona katika nyumba moja. Ukitaka kujua nyumba ya pili, nenda kabishe hodi.

Kwa yule kijana, na kwa wengine walio kwenye hali hiyo, nina ushauri wa vitendo. Usiwapelekee shangazi hotuba kuhusu ukabila. Watakusikiliza kwa heshima, kisha wataendelea walipoishia. Kabla ya posa, omba binti aje nyumbani kama mgeni wa kawaida, siku ya kazi, si siku ya sherehe. Akae jikoni na shangazi wakichambua mboga. Na wewe mwombe shangazi mmoja, yule mkali kuliko wote, amsimulie binti jinsi yeye mwenyewe alivyoolewa. Ndiyo, aanze shangazi. Mtu aliyesikilizwa ana masikio mapana zaidi. Baadaye binti naye ataulizwa habari za kwao, na ataeleza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani. Siwezi kukuahidi watakubali. Ila kuanzia siku hiyo, wakisema "watu wa kule", kutakuwa na bibi mmoja anayewajia akilini.

Na kama huna uchumba wala shangazi wakali, fanya hili kwenye jumuiya yako. Yupo mtu mnayesali naye kila wiki ambaye hujui hata kwao ni wapi. Usimwulize kabila. Mwulize kwao mtu akifiwa watu hufanya nini usiku wa kwanza, au mama yake alikuwa anapika nini Krismasi. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Edith alipelekwa Uholanzi, konventi ya Echt, Wanazi walipozidi kuwa hatari. Julai 1942 maaskofu wa Uholanzi walisomesha makanisani barua ya kupinga kuhamishwa kwa Wayahudi, na kama kisasi Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi wakakamatwa. Walimchukua tarehe 2 Agosti pamoja na dada yake Rosa. Wakauawa Auschwitz, tarehe inayokumbukwa ni 9 Agosti, nayo ndiyo sikukuu yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1998. Wayahudi wengi walisema wakati huo, na bado wanasema, kwamba aliuawa kwa sababu ni Myahudi. Ni kweli, na mwenyewe asingewakatalia.

Kitabu chake cha familia kilichapishwa baada ya kifo chake. Hakukimaliza. Simulizi inaishia mwaka 1916, wakati wa mtihani wake wa udaktari, ule wa tasnifu kuhusu kumwelewa mwenzako.